Msimu wa Kutembezwa

Jumapili, 9 Novemba

Tumefika jana, mimi na dada yangu. Baridi ya kuuma mifupa. Binti yangu alikuwa anatungoja uwanja wa ndege na makoti mawili ya kuazima. Langu mikono mifupi. La dada linamfika miguuni, anaonekana kama hema.

Binti kanipa daftari. Kasema, "Andika baba, ukirudi uwasimulie wenzako kazini." Kuandika si fani yangu, niliishia darasa la nne. Lakini kukaa bure nako sijazoea.

Jumatatu, 10

Niseme tulipo. Chumba kimoja. Kitanda kimoja, analala dada. Mimi godoro, chini ya dirisha. Binti analala kati ya meza na mlango. Mlango ukifunguliwa unamgonga kichwa. Jiko ni la korido nzima. Choo vilevile.

Anasomea udaktari wa meno, mwaka wa tatu. Mezani kuna kichwa cha mpira, mdomo wazi, meno yote ndani. Dada kakifunika kitambaa.

"Sitaki kinitazame nikivaa."

Binti kabeba jina la mama yangu, kwa hiyo namwita mama. Mama yake mzazi alifariki yeye hata kutembea hajaanza. Mimi kibarua wa ujenzi, leo hapa kesho kule, nachanganya zege, nabeba tofali. Dada ndiye aliyemlea. Kwa hiyo dada akisema neno humu ndani, limepita.

Jumanne, 11

Tunakunywa chai. Dada kasema, "Haya, tumekuja kutembea au tumekuja kukaa? Mwanangu, leo unatupeleka wapi?"

Binti alikuwa kashika kisu chake kidogo na kipande cha nta. Akaviweka chini. "Leo mnarani, shangazi."

Foleni ndefu. Lifti. Juu kabisa ukungu mtupu, hata barabara huioni. Dada kasema, "Piga picha, piga. Hata ukungu wao mzuri."

Alhamisi, 13

Makumbusho. Vyungu vilivyovunjika vimewekewa taa. Miguu inauma.

Ijumaa, 14

Daraja. Ni daraja.

Jumamosi, 15

Bustani iliyojengewa vioo. Ndani joto kama nyumbani. Nimesinzia kwenye benchi, mlinzi kaniamsha.

Jumatatu, 17

Jumba la mfalme wa zamani. Mwongozaji anasema maneno mengi, binti anatuambia kwa Kiswahili, sauti imemkauka. Vyumba haviishi. Ukidhani umefika mwisho unakuta kingine na kiti ambacho hukai.

Dada kauliza, "Huyo mfalme alikuwa na wake wangapi?"

"Mmoja, shangazi."

"Na vyumba vyote hivi? Muulize tena."

Akamuuliza tena. Mwongozaji akacheka. Binti hakucheka. Macho yake mekundu. Kwenye treni kalala wima, kashika bomba, kichwa kinamwanguka. Dada akaniambia, "Wasichana wa siku hizi hawana nguvu. Mimi na umri wangu sijachoka."

Nilitaka kumjibu. Nikatazama dirishani.

Jumatano, 19

Nimeamka alfajiri kwenda chooni. Binti hayupo kwenye godoro lake. Nikagonga mlango wa choo, akafungua. Alikuwa kakaa juu ya kifuniko, taulo magotini limejaa vipande vya nta kama maganda. Mkononi kisu na jino.

"Mama, unaumwa?"

"Hapana baba. Nachonga tu."

"Jino gani hilo?"

"Gego la juu. Bado halijakaa sawa."

"Mbona chooni?"

"Nikiwasha taa kule mtaamka."

Nikamuuliza mtihani lini. Kasema, "Bado sana, baba. Nyie tembeeni tu, mfurahi." Alikuwa anatazama mikono yake. Mama yake alikuwa hivyohivyo. Akisema uongo anatazama mikono.

Ijumaa, 21

Binti kaenda kununua mkate. Nikamwambia dada, "Leo tupumzike."

"Pumzika wewe. Umepanda ndege uje ulale?"

"Mtoto ana masomo."

"Kakwambia?"

"Hajaniambia."

"Basi. Angekuwa nayo angesema. Nimemlea mimi huyu. Hana cha kunificha."

Dada ni mkubwa wangu. Lakini nimemkasirikia, niandike hivyohivyo.

Jumamosi, 22

Boti mtoni. Mvua.

Jumapili, 23

Sanamu ya mtu juu ya farasi. Tumeizunguka.

Jumatatu, 24

Sanamu ileile. Picha za jana zilimkata farasi kichwa.

Jumanne, 25

Binti kasema Alhamisi asubuhi tutakwenda makumbusho ya meli. "Halafu mchana nitawaacha hapohapo kidogo, nina kitu chuoni."

"Kitu gani?"

"Kidogo tu, baba. Narudi kuwachukua."

Kakonda. Leo kamimina chai kwenye bakuli la sukari, akakoroga, hakujua mpaka dada alipopiga kelele. Kila nikimwambia apumzike anasema hajachoka. Kila nikimwambia dada, ananiona mvivu. Nimewaza sana kwenye godoro. Naona dawa ni moja. Niumwe. Mimi nikilala ndani, hakuna wa kutembezwa, na yeye atashika vitabu vyake.

Jumatano, 26

Nimeamka nikashika goti. Nikalia kidogo. Sijazoea kulia, ikatoka kama kikohozi.

"Baba, nini?"

"Goti."

Akapiga magoti akaanza kubonyeza. "Hapa? Na hapa? Hapa je?" Kila mahali nikasema ndiyo. Hapo nilikosea. Angalau ningechagua sehemu moja. Alisimama kabadilika uso.

Dada kachemsha maji, kanikanda na taulo la moto mpaka ngozi ikawa nyekundu. Nikavumilia. Nikasema moyoni, sasa atasoma. Hakufungua kitabu. Kakaa miguuni kwangu siku nzima, mara ananisugua, mara anapiga simu kwa lugha yao. Kila mara namwambia, "Kasome, mama." Ananijibu, "Nisome nini na wewe uko hivi?"

Alhamisi, 27

Leo naandika yote.

Asubuhi binti kasema tunakwenda hospitali. Nikasema limepona. Nikasimama, nikatembea mpaka mlangoni na kurudi. Hawakuniamini.

"Unajikaza," kasema binti. "Nakujua. Ulibeba tofali wiki nzima na kidole kimevunjika."

"Huyu ndivyo alivyo," kasema dada. "Hata akifa atasema anapumzika."

Wakanivalisha koti, huyu upande huu, yule upande ule. Sikuona njia ya kusema. Ukishaanza uongo na watu wameshakukanda, unasemaje?

Hospitali tumekaa kwenye viti vya plastiki vilivyopangwa kama shuleni. Wanaita watu, si sisi. Binti hatulii. Anatazama saa ya ukutani, anatoka nje na simu, anarudi. Nikamuuliza kama ana safari. Kasema hana. Nikasema basi twende nyumbani, mimi mzima. Akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa wa baridi, na mle ndani joto.

Mchana umepita ndio wakatuita. Wakalipiga goti picha. Daktari kalikunja, kalinyoosha, kasema maneno machache. Binti akatuambia, "Hajaona kitu. Anasema ni goti zuri sana."

"Hospitali gani hii!" kasema dada. "Waangalie tena."

"Twende," nikasema.

Tumefika chumbani giza limeingia. Hatujavua viatu, mlango ukagongwa. Ni msichana anayesoma naye, wa korido yetu, tunamwita Miwani. Ni wa lugha yetu.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama." Akamgeukia binti. "We ulikuwa wapi? Tumekungoja mpaka wamefunga mlango. Kichwa chako kimekaa peke yake mezani, kimebandikwa jina lako, hakuna mtu."

Binti akamkonyeza anyamaze. Dada kaona.

"Kichwa gani? Mlango gani?"

Miwani akatutazama wote. "Mtihani wa vitendo, mama. Ule wa kutoboa jino, kuziba na kuchonga. Leo ndio ulikuwa."

"Na asiyeufanya?"

Dada kamkazia macho.

"Anafutwa chuo, mama. Labda wamkubalie udhuru."

Miwani akaaga, akatoka. Nikabaki nimesimama na lile koti. Nikasema, "Goti haliumi."

"Tumeshasikia," kasema dada.

"Halikuuma hata jana. Nilisema uongo. Nilitaka tusitoke, mtoto apate nafasi ya kusoma."

Binti alicheka, pumzi moja tu. Halafu akakaa chini kwenye godoro langu, akajifunika koti lake mpaka kichwani. Mabega yanatikisika. Sikujua kama bado ni kicheko.

"Mdogo wangu," kasema dada, "wewe mpumbavu."

Hapo nikapasuka. Nikamwambia mpumbavu ni nani, mimi au anayetaka kila siku mnara, kila siku daraja, farasi mara mbili? Mtoto anasoma chooni! Amekaa juu ya choo anachonga meno, wewe unauliza wake wa mfalme! Sijawahi kumpigia dada kelele. Nina mvi sasa, na sijawahi.

Dada akageuka. Akakaa kitandani, akavuta soksi chini. Vifundo vyake vimevimba, vinang'aa, soksi imechora mfereji.

"Unadhani mimi napenda? Tangu ule mnara sijaona kitu, natazama nitakapokanyaga. Humu ndani tuko watatu, mtoto hana hata pa kuweka kiwiko. Nikasema tukikaa tutamziba pumzi. Bora tutoke, naye apate hewa. Mbona hamkuniambia?"

Binti akatoa kichwa kwenye koti. "Nikwambie nini, shangazi? Umetoka mbali hivi, nikwambie sina nafasi na wewe?"

"Ndiyo! Uniambie!"

"Siwezi."

"Kwa nini huwezi?"

"Wewe ungeweza?"

Dada kainama. Akavuta soksi juu.

Tukakaa watu watatu tulioburutana mji mzima, na hakuna aliyetaka kwenda.

Ijumaa, 28

Binti kaenda kwa mwalimu wake na karatasi ya hospitali. Wamesema watakaa kikao. Ngoja.

Karatasi inasema goti zima. Nimemwambia awaeleze ukweli, kosa langu. Kasema ameshawaeleza. "Kwa lugha yao linasikika baya zaidi, baba."

Jumamosi, 29

Tumemwachia chumba. Mimi na dada tumeshuka chini, kwenye chumba cha kufulia. Kuna joto na benchi. Tumetazama nguo za watu zikizunguka.

"Hii bora kuliko mnara," kasema dada.

Jumapili, 30

Kufulia tena.

Jumatatu, 1 Desemba

Kufulia. Dada kazoeana na mzee mmoja anayekunja shuka. Hawaelewani neno. Wamekunja zote.

Nimemtazama dada alivyokuwa anashika ncha za shuka. Alikuwa anashika hivyohivyo nepi za binti yangu, na mimi niko kambini kwenye ujenzi. Mimi nilidhani anatembezwa kwa raha yake. Mtu unaishi naye maisha yote humjui miguu.

Jumanne, 2

Bado. Binti hali. Chakula anakisukumasukuma.

Jumatano, 3

Jibu limetoka. Watampa nafasi moja, peke yake, mara moja tu. Ijumaa ya tarehe kumi na mbili, asubuhi.

Dada alipiga vigelegele, korido nzima wakachungulia. Mimi nikatazama uso wa binti. Haukuwa wa furaha. Ndipo nikakumbuka. Tarehe kumi na mbili, mchana, ndiyo ndege yetu, na lazima tutoke asubuhi. Tiketi katukatia mjomba wake, hazibadilishwi.

"Nitawaomba wanipangie siku nyingine," kasema.

"Wamesema mara moja tu."

"Basi nitawapeleka kwanza, nikimbie."

Uwanja wa ndege uko mbali, treni mbili na basi. Haiwezekani, naye anajua. Nikamwambia tutakwenda wenyewe.

"Baba, vibao hamsomi. Na hata mngesoma. Imeonekana wapi wazee wangu wanatoka kwangu na mizigo yao, mimi sijawasindikiza? Shangazi kanilea. Aondoke kama kifurushi?"

Nikamtazama dada, nikitaka aseme neno. Alikuwa anakunja kitambaa kile cha kichwa cha mpira.

Kwetu mgeni humwachi mlangoni. Unambebea mzigo, unafika naye njiani, unasimama mpaka asionekane. Usipofanya hivyo umemfukuza. Dada hata muuza mkaa anamsindikiza. Na akirudi, kitu cha kwanza wanawake watamuuliza ni nani alikusindikiza.

Alhamisi, 4

Dada kimya. Siku nzima. Si kawaida yake. Nimeogopa.

Binti kaandika barua ya kuomba siku ibadilishwe. Nikamwambia wakikataa je? Kasema, "Basi." Basi gani, sikuuliza.

Ijumaa, 5

Asubuhi dada kavaa koti, kafunga kilemba. Binti akaweka kisu chini kama zamani, kachoka hata kabla hajasimama.

"Twende wapi, shangazi?"

"Huo mlango wa mtihani uko wapi?"

"Mlango?"

"Nataka kuuona."

Tumekwenda kwa miguu, polepole, kwa sababu ya vifundo vyake. Jengo la kawaida. Ngazi chache, mlango wa kijivu, kitasa kirefu. Dada kausogelea, kaugusa. Kauliza wanaingilia huu? Kauliza wanafunga saa ngapi, mwalimu anasimama wapi, mtu anaweza kusimama hapa nje? Hata habari za mfalme hakuziuliza hivyo. Halafu akasema, "Tangu nimekuja, hiki ndicho kitu cha kwanza nilichotaka kukiona mwenyewe."

Akamgeukia binti.

"Barua umeshaipeleka?"

"Bado, iko mfukoni."

"Nipe."

Akampa. Dada hasomi hata Kiswahili vizuri. Kaichana, kanipa mimi vipande nivitupe.

"Siku hiyo wewe ndiye unayesafiri," kasema. "Sisi ndio tutakusindikiza."

Binti akaanza kusema lakini shangazi, lakini kule nyumbani watasema.

"Waseme. Mimi ndiye nitakayewajibu. Unadhani nitashindwa?"

Hapo kila mtu alijua hatashindwa.

Jumatatu, 8

Anachonga mezani, mchana, taa imewashwa. Sisi kufulia.

Jumatano, 10

Kafunua kichwa cha mpira dada mwenyewe. "Kizoee watu," kasema.

Alhamisi, 11

Tumefunga mizigo.

Ijumaa, 12

Tumetoka mapema, mizigo yote. Magurudumu ya begi la dada yanapiga kelele barabarani. Binti kataka kulivuta, dada kampiga kofi mkononi. "Leo hubebi kitu. Mkono usije ukatetemeka."

Kwenye ngazi dada kamrekebisha kola, kamfuta kitu shavuni ambacho sikukiona. Binti akanishika mkono, akainama kidogo kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia, tangu juzi. Yalikuwa mazuri. Nikasema, "Haya, mama. Toboa."

Mwalimu akafungua. Mwanamke mwembamba, koti jeupe. Akatutazama, wazee wawili, mabegi matatu, ngazini kwake. Akasema kitu, binti akajibu, wakaingia. Binti aligeuka mara moja. Dada akampungia kwa mkono wa kumfukuza, nenda, nenda. Mlango ukafungwa.

Tukasimama. Unayemsindikiza ukishamkosa machoni unageuka. Sisi hatukugeuka upesi. Dada kakaa juu ya begi.

"Saa hizi ameshakaa," kasema.

"Ameshakaa."

"Twende, tutachelewa ndege."

Miwani alikuwa kanichorea treni kwenye karatasi, ya kijani halafu ya buluu. Tukapanda ya kijani. Basi ndilo lililotushinda, yako mengi. Dada akauliza watu kwa Kiswahili, sauti juu, kama wao viziwi. "Ndege! Ndege!" Na mikono anapiga kama mbawa, koti limefunuka, watu wanapisha. Mwanamume mmoja akatushikia begi akatufikisha. Nimechoka kama nimepandisha zege ghorofani.

Sasa tumekaa tunangoja waite. Simu yake imezimwa. Dada kavua viatu, kalala kwenye viti. Sijui imekuwaje kule ndani.

Jumamosi, 13

Nyumbani. Simu haipiti.

Jumatatu, 15

Nimerudi kazini. Wanauliza nimeona nini huko. Nikasema mnara. Mmoja kauliza juu unaona nini? Nikamwambia hakuna.

Wanawake walikuja kwa dada jana. Wakamuuliza nani aliwasindikiza. Kasema, "Hakuna. Sisi ndio tuliomsindikiza mwenyeji." Wakacheka, wakadhani ni utani wake. Akawaeleza. Mpaka jioni anawaeleza.

Alhamisi, 18

Kapiga simu tukiwa katikati ya kumwaga zege. Mikono yangu imejaa, fundi ndiye aliyeniwekea simu sikioni.

"Baba, nimefaulu."

Nikasema vizuri. Kasema wamekaa na lile jino wiki nzima wakilipima. Kasema mwalimu alimuuliza wale wazee wawili ngazini walikuwa nani, kwa nini wana mabegi. "Nikamwambia ni wageni wangu, wamenileta."

Nikasema mpigie shangazi yako upesi, asije akasikia kwangu kwanza. Zege lilikuwa linaanza kukaza, nikarudi kazini.